Neno "kutwa" lilitufikisha hospitali

Mwezi huu hatuandiki habari za darasa. Tunaandika habari za nyumba yetu, ingawa zina aibu kidogo.

Mwaka jana wakati wa mvua, mtoto wa yaya wetu, mwenye miaka mitatu, alipata homa. Kituo cha afya hapa kambini walimpima, wakakuta malaria, wakatupa dawa ya mseto. Kidonge cha kwanza alimeza palepale. Muuguzi akasema: "Kidonge kimoja, kutwa mara mbili, siku tatu." Tukaitika ndiyo, ndiyo, tukaenda zetu.

Sasa, kwetu nyumbani Kiswahili ni kile cha Fizi. Mama anajua "kesho kutwa", lakini "kutwa" peke yake hakuwa ameizoea. Akasema, basi dawa inaendelea kesho kutwa. Sisi tulikuwa tunasahihisha madaftari ya wanafunzi, tukajibu sawa bila hata kuangalia karatasi. Mtoto naye alikuwa anacheza, homa imeshuka. Kumbe malaria ilikuwa bado ndani, inaharibu damu.

Siku ya tatu alfajiri akashikwa na degedege. Jirani akasema tumtafute kwanza mzee wa dawa za majani. Yaya analia tu: "Tutafanya je? Tutafanya je?" Degedege lilipoachia, Mama akamfunga mgongoni, hakungoja shauri la mtu. Hospitali ya kambi wakamchoma sindano ya malaria kali. Viganja vyake vilikuwa vyeupe na anahema mbiombio. Wakasema damu imepungua sana, aende hospitali kubwa nje ya kambi. Kibali kikaandikwa, yaya na sisi tukapanda gari pamoja na mtoto. Mama akabaki na wadogo.

Sisi tumezaliwa hapa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996. Tangu utoto tunaambiwa tuko ugenini, lakini ugeni wenyewe tuliuona siku ile. Wodini kila mgonjwa ana ndugu wa kumpikia. Sisi hatuna sufuria, hatuna mkaa, hata kikombe hatuna. Tulitoka na kanga moja na kadi ya mtoto. Posho yetu ya ualimu iliisha kwa chai na mkate.

Jioni daktari akasema mtoto anahitaji damu, na ndugu atoe. Yaya ni mjamzito, hawezi kutoa. Tukabaki sisi. Tusiwafiche, tuliogopa. Hapa kambini watu husema eti damu ukitoa hairudi, eti inauzwa. Wakatupima uzito, wakapima wingi wa damu na kundi lake, halafu Ukimwi, homa ya ini na kaswende. Muuguzi akaeleza kwamba mtu mzima ana damu kama lita tano, na wanayochukua haifiki nusu lita, mwili unaitengeneza tena. Tukalala kitandani, tukageuza uso ukutani. Ilikwisha upesi kuliko tulivyofikiri.

Kabla ya kuanza kumwongezea mtoto damu, daktari akauliza: "Ule mseto alimaliza?" Yaya akatutazama. Kusema ndiyo ilikuwa rahisi, nani angejua? Lakini tukaona tukidanganya, anayeumia ni mtoto. Tukasema hapana, alimeza kimoja tu, neno hatukulielewa. Na ni walimu sisi! Daktari hakutugombeza. Aliandika tu.

Usiku wa manane mtoto akafungua macho, akaomba maji. Asubuhi akaomba ndagala. Yaya akacheka na machozi yakamtoka. Mama mmoja wa Kiha, kitanda cha jirani, alisikia. Akatupa sufuria yake na mkaa, akasema: "Mpikieni, mimi wangu bado hali." Hakuuliza tunatoka wapi. Tulikaa siku sita, tukapika kwa zamu, na sisi tukawa tunamchotea maji.

Siku ya kutoka tulipewa tena mseto. Safari hii sisi ndio tuliomwambia muuguzi: "Ngoja turudie maneno yako." Tukasema: kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku tatu, pamoja na chakula. Akasema sawasawa. Tulipofika nyumbani tukakuta unga, maharage na mafuta viko ndani. Yule jirani wa dawa za majani ndiye aliyesimama foleni ya mgao pamoja na Mama, akambebea mzigo.

Ndugu zetu, kuuliza si aibu. Ukipewa dawa, rudia maneno mbele ya aliyekupa, na dawa imalizwe hata mtoto akionekana mzima. Degedege, kuhema mbiombio, viganja vyeupe, kushindwa kunywa: hayo hayangoji kesho, sembuse kesho kutwa. Na wekeni tayari mfuko wenye kadi, sufuria, kikombe, sabuni na kanga, kwa sababu gari la wagonjwa halisubiri mtu kupanga vitu.

Jumatatu tuliporudi darasani tuliandika ubaoni neno moja tu: KUTWA. Tukawaambia watoto maana yake ni mchana wote, tangu asubuhi mpaka jioni, na kwenye dawa maana yake ni kila siku. Tukawatuma wakawaeleze wazazi. Kama wako hajakuambia, mwulize leo.