Fedha ya Viazi



Katika bweni letu hakuna mjadala unaorudi mara nyingi kama ule wa simu. Wengine husema kwamba tungeruhusiwa kuja nazo shuleni tungefaulu sote, maana siku hizi masomo yote yamo mtandaoni. Mimi sikuja kubishana nao. Nataka kueleza tu jambo lililonipata nyumbani, kisha kila mtu apime mwenyewe.

Kwetu ni Mufindi, katika Mkoa wa Iringa. Kila likizo hupanda basi hapa Mbeya, tukapita Chimala, Igawa na Makambako, nami nikashuka Mafinga na kutafuta gari jingine la kijijini. Desemba iliyopita nilifika na ripoti mbaya ya kemia. Nilikuwa nimepata 27, kwa maana hesabu za moli zilinishinda kabisa. Mama hakunigombeza. Kesho yake alijitwika debe la viazi, akaenda kuliuza gulioni, akarudi na kunipa shilingi 5,000 pamoja na simu janja ambayo kaka yangu alituachia. Akasema, "Mwanangu, nasikia masomo yamo humu. Nunua bando, usome hiyo kemia yako."

Usiku ule nilifungua simu, nikaandika neno moja tu, kemia. Vikaja vitu vingi hata sikujua nianze na kipi. Nikafungua somo moja. Mwalimu alikuwa akisema upesi mno, nikamwacha. Chini yake palikuwa na magoli ya mpira. Nikasema moyoni, nitazame goli moja tu. Jogoo alipowika bando lilikuwa limekwisha, nami sikuwa nimeandika hata mstari mmoja.

Asubuhi mama akaniuliza, "Umesoma?" Nikajibu, "Ndiyo, mama." Mdogo wangu, ambaye husoma katika shule ya kata isiyokuwa na kompyuta hata moja, alinitazama tu asiseme neno. Alikuwa amesikia kelele za mpira usiku kucha.

Jioni, tulipokuwa tukipukuchua mahindi, nilishindwa kuvumilia nikamweleza babu ukweli. Hakukasirika. Alinisimulia habari za mwaka 1973, Serikali ilipoendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa njia ya redio. "Hatukusikiliza ovyo, mjukuu wangu," akasema. "Tulikuwa na kikundi, kiongozi na kijitabu. Saa ya kipindi ilipofika tulikusanyika, tukasikiliza, kisha tukajadiliana. Halafu tukashika majembe, tukachimba vyoo. Redio ilikuwa ile ile ya muziki, ila saa ile tulijua tumeijia nini."

Maneno hayo yalinikumbusha mwaka 2020, shule zilipofungwa mwezi wa Machi kwa sababu ya korona. Nilikuwa shule ya msingi. Masomo yalitangazwa kwa redio na televisheni, na redio tulikuwa nayo. Lakini nyumbani kwetu hakuna aliyepanga saa wala aliyeshika daftari, na baada ya siku chache tuliacha kusikiliza.

Niliporudi shuleni Januari nilianza kumsikiliza kwa makini mwalimu wetu wa kompyuta. Kompyuta zetu ni chache, hata tunakaa watatu watatu, na intaneti husumbua. Kwa hiyo yeye hupakua masomo akiwa mjini na kutuletea kwa flashi. Sharti lake ni kwamba mtu asiguse kibodi kabla hajaandika swali lake kwenye karatasi. Alitufundisha kuandika swali zima wala si neno moja. Kupunguza ubora wa picha ili video isile bando. Kulinganisha jibu na kitabu kabla ya kuliamini. Na kuandika daftarini tulikolipata. Wazee wetu walikwisha kusema, mali bila daftari hupotea bila habari. Bando nalo ni mali.

Likizo ya Juni nilichuma chai kwa jirani siku mbili, nikapata fedha yangu mwenyewe. Kabla ya kununua bando niliketi na mdogo wangu, tukaandika maswali manane. La kwanza langu lilikuwa hili: gramu 36 za maji ni moli ngapi? Tulifungua vitabu katika maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambavyo husomwa bure, kisha tukatazama masomo ya Shule Direct. Nikaona kwamba moli moja ya maji ni gramu 18. Basi gramu 36 ni moli mbili. Jambo lililonitesa mwaka mzima lilieleweka kwa dakika chache, maana safari hii nilijua ninalolitafuta. Tulipomaliza maswali yote bando lilikuwa bado lipo.

Usiku ule nilimwambia mama habari za fedha yake ya viazi. Akanitazama kidogo, akasema, "Nilijua. Daftari lako lilikuwa jeupe." Hakuongeza lawama. Alinitaka tu nimfundishe mdogo wangu kila jioni mpaka siku ya kuondoka, nami nikafanya hivyo.

Katika jaribio la mwezi uliopita nilipata 54 katika kemia. Si alama ya kujivunia, na mtihani wa taifa wa Novemba ungali mbele yetu. Lakini nimejifunza kwamba kubonyeza vitufe si ujuzi, kwa maana hata usiku ule wa mpira nilivibonyeza vizuri sana. Ndugu zangu mnaodai simu, nawaomba kwanza mnionyeshe maswali mliyokwisha kuyaandika.

Nawatakia wote heri katika mitihani.