Kunuka Moshi, Kunukia Moshi

Kitenzi chetu cha harufu hakijui kukaa katikati. Samaki aliyevunda hunuka, asumini hunukia. Irabu moja ya kauli ya kutendea ndiyo inayotenga uvundo na manukato, na msemaji hulazimika kutoa hukumu kabla hajaimaliza sentensi. Moshi, kwa mazoea, tumeuweka upande wa uvundo. Wali ulioungua hunuka moshi. Nguo ya aliyeshinda jikoni hunuka moshi. Udi nao hutoa moshi, lakini hapo moshi hatuutaji kabisa. Twasema udi unanukia, basi.

Nililelewa katika nyumba ya kuni. Msimu wa mvua sare yangu ya shule ilianikwa juu ya mafiga, na darasani hawakukosekana wenzangu waliokijua vyema kitenzi hicho. "Unanuka moshi," walisema, nami nilielewa kwamba hawasemi habari za harufu bali za kipato cha mama yangu.

Ndiyo maana safari yangu ya Yoichi, mji mdogo wa pwani katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, ilikuwa ya udadisi wa lugha kuliko wa kinywaji. Hapo, mwaka 1934, Masataka Taketsuru alianzisha kiwanda ambacho leo ni cha kampuni ya Nikka. Alitoka katika ukoo wa watengenezaji wa sake, akaenda Uskoti mwaka 1918 kujifunza kazi ya wiski, akarejea mwaka 1920 pamoja na mkewe Mskoti, Rita Cowan. Kabla ya kujitegemea alimfanyia kazi Shinjiro Torii. Wiski waliyoitoa mwaka 1929, Shirofuda, haikupendwa. Inasimuliwa kwamba wanywaji wa Japani waliona moshi umezidi. Kwa kauli yetu, waliona inanuka.

Moshi huo huanzia kwenye kimea. Shayiri huloweshwa mpaka ichipue, kisha hukaushwa kwa moto wa udongo mweusi wa kinamasi, udongo uliotokana na mimea iliyooza nusunusu kwa maelfu ya miaka. Moshi wake hushika punje na haubanduki tena, hata kimea kikisagwa, kikachachushwa na kukenekwa. Yoichi kuna na moto wa pili: mitungi mikubwa ya shaba ya kukenekea huchochewa kwa makaa ya mawe yanayotiwa kwa koleo, desturi ambayo karibu viwanda vyote vya wiski duniani vimeiacha. Mitungi hiyo imefungwa kamba za mabua ya mpunga, mfano wa zile za mahekalu ya Shinto.

Nilionja ile inayouzwa hapo kiwandani tu, Yoichi Peaty & Salty, yenye kileo cha asilimia 55. Jina lake ni sifa mbili, moshi wa udongo ule na chumvi. Tone la kwanza liliniunguza. Nikaongeza maji kidogo. Ukali ukashuka, moshi ukapanda. Haukuwa moshi wa ubani. Ulikuwa wa jiko la alfajiri, wa jivu lililonyunyiziwa maji. Ukafuata ukakasi wa chumvi kama wa ng'onda, na mwishoni utamu wa nafaka iliyokaangwa, uliokaa kooni kitambo. Kando yangu wageni wengine walinusa glasi zao kimya, wamefumba macho. Walikuwa wamesafiri na kulipa ili wanuse kitu kilichokuwa kwenye sare yangu.

Kijapani kina kitenzi niou, kinachotamkwa kwa namna moja harufu ikiwa nzuri au mbaya. Tofauti huonekana katika maandishi, ambamo kila maana ina alama yake. Wao hukumu wameiachia kalamu. Sisi tumeuachia ulimi, nao ulimi huwahi.

Kumbe hata kinywaji chenyewe tumekwisha kukiita moshi. Nchini Tanzania gongo huitwa pia pombe ya moshi, na sheria ya mwaka 1966 iliyoihusu ilibeba neno moshi katika jina lake. Huo nao ni moshi wa lawama, wa kupikwa vichakani na kunywewa kwa kificho. Simsihi mtu anywe cha Yoichi wala cha nyumbani. Wengi wetu imani haituruhusu, na hoja yangu haisimami juu ya kileo.

Hoja yangu ni kwamba sarufi haikuwahi kukataza "kunukia moshi". Tulichokosa ni mtu wa kusema hivyo bila haya. Taketsuru hakuusafisha moshi ili upendwe. Alikwenda mahali pa baridi, akauwasha tena, akangoja ndimi za watu zibadilike. Mshairi anaweza kufanya vivyo hivyo kwa silabi moja. Katika tungo zangu sasa maziwa ya kibuyu yananukia moshi, na chai ya kuni inanukia moshi. Mhariri mmoja alinirudishia shairi akiwa amekifuta kile kiambishi, akidhani kalamu imeteleza. Nilikirejesha, nikampelekea tena.