Korma ya Nizamuddin kwa Sinia Moja

Basti ya Nizamuddin, upande wa kusini wa jiji la Delhi, ni mtaa ambao msafiri wa pwani yetu haoni ugeni mkubwa. Vichochoro vyake ni vyembamba kama vya Mji wa Kale wa Mombasa, adhana hupokezana msikiti kwa msikiti, na mbele ya maduka zimetundikwa tasbihi na kofia, pamoja na chupa ndogo za atari. Hapo ndipo lilipo kaburi la Sheikh Nizamuddin Awliya, aliyefariki mwaka 1325, na hatua chache kutoka kwake amelala mwanafunzi wake, mshairi Amir Khusrau, aliyemfuata mwaka uo huo. Hapo pia pana markazi ya Tabligh, na kwa sababu hiyo si ajabu kusalimiwa njiani kwa Kiswahili.

Sisi hatukwenda kwa ziara. Tulimsindikiza kaka yetu mkubwa kwa matibabu ya moyo, kama waendavyo wagonjwa wengi wa Kenya, na baada ya upasuaji tukatakiwa tusitoke mjini kwa wiki tatu. Tukapanga vyumba viwili kwa mjane mmoja wa makamo, ambaye sote tulimwita Khala. Kwa Kiurdu ndiye dada wa mama, na kwetu ni halati. Maneno haya mawili yametoka katika tumbo moja la Kiarabu.

Sasa, Delhi si mji wa kumweka mgonjwa wa moyo. Ukishuka ngazi za Jama Masjid, msikiti uliokamilishwa mwaka 1656 zama za Shah Jahan, hapo hapo unakutana na kichochoro cha Gali Kababian na mkahawa wa Karim's uliofunguliwa mwaka 1913, ambako korma huja na mafuta mekundu yaliyoelea juu. Na mtaa wa Daryaganj, si mbali na hapo, una sifa ya kuku wa siagi, anayehusishwa na mkahawa wa Moti Mahal ulioanzishwa na wakimbizi waliotoka Peshawar baada ya mgawanyiko wa mwaka 1947. Nani hasa aliyembuni? Mwaka 2024 suala hilo lilifikishwa Mahakama Kuu ya Delhi. Tulistaajabu kwamba watu hushitakiana kwa ajili ya mchuzi, lakini harufu ile ilipotufikia tukawaelewa kidogo.

Daktari alikuwa amekataza krimu, siagi na samli nyingi. Shemeji yetu akawa anampikia mumewe sufuria yake mbali: kuku wa kuchemsha na chembe ya chumvi. Kaka hakulalamika, ila aliacha kula. Siku ya nne alisema neno moja tu, kwamba tangu azaliwe hajapata kula sahani ya peke yake hali watu wa nyumba yake wako siniani. Neno hilo lilituchoma, kwa kuwa majumbani mwetu pia tumeliona: mzee mwenye sukari au presha hutengewa kibakuli pembeni, kana kwamba ugonjwa wake ni kosa alilolifanya.

Khala aliposikia alicheka. Alisema korma ya nyumbani kwao haijui krimu; ulaini wake hutokana na mtindi na vitunguu. Hesabu inamuunga mkono. Krimu nzito ina takriban gramu 35 za mafuta katika kila gramu 100, na mtindi wa maziwa kamili una gramu 3 au 4 tu. Wako watakaosema, basi na tutie tui la nazi. La, tui la kwanza nalo ni zito kwa mafuta, ingawa sisi wana wa pwani hatupendi kuambiwa hivyo.

Shemeji aliketi naye jikoni akaandika yote daftarini. Kuku wa kilo moja na robo hutolewa ngozi, kwa maana mafuta yake mengi yamo humo, akakatwa vipande na kulazwa saa moja katika nusu ya vikombe viwili vya mtindi mzito usio na sukari, pamoja na thomu, tangawizi na chumvi. Vitunguu vitatu vikubwa hukatwa vyembamba. Hapa ndipo penye siri yote. Desturi ni kuvizamisha katika mafuta mengi; Khala alitia kijiko kimoja cha mafuta, akafunika, moto mdogo, na kila vilipotaka kushika chini alivinyunyizia maji. Baada ya dakika 25 hivi vilikuwa na rangi ya tende. Vikasagwa pamoja na korosho kumi na mtindi uliobakia, ukiwa umepigwa vyema na kijiko kimoja cha unga wa dengu ili usikatike motoni.

Kuku hugeuzwageuzwa kwanza na dania ya unga, pilipili, iliki, karafuu na mdalasini hadi abadilike rangi. Kisha moto hupunguzwa, na mtindi hutiwa kijiko baada ya kijiko huku mwiko ukizunguka. Haraka hapa huharibu kila kitu. Maji kikombe kimoja, kifuniko, dakika 35. Samli huja mwisho kabisa: kijiko kimoja cha chai, kilichopashwa na basibasi kidogo, kikamiminwa juu. Samli kidogo iliyotiwa mwisho husikika puani kuliko nyingi iliyozama chini.

Mchuzi wake ni mwepesi kuliko wa mkahawani, na anayeuona haba wa uzito akumbuke kwamba Mtume (s.a.w.) alimuusia Abu Dharr azidishe maji ya mchuzi na awaangalie majirani. Usiku ule sinia iliwekwa moja, na chapati kavu zisizopakwa kitu. Kaka alikula kwa mkono wake, akaomba apewe paja la pili, na shemeji akageuka upande wa ukuta kufuta macho.

Ukibaki, mafuta machache yatakayoganda juu asubuhi yaenguliwe kwa kijiko, na upashwe kwa moto mdogo bila kuchemka, kwani mtindi uliokwisha kutulia waweza kukatika tena.