Kwa Mwendo wa Mama

Sisi tunaoishi Sumbawanga tunakaa juu, karibu meta 1,800 kutoka usawa wa bahari. Upande wa magharibi nchi inashuka hadi Ziwa Tanganyika; upande wa mashariki inashuka hadi bonde la Ziwa Rukwa. Kwa hiyo mtu wa Ufipa anayetafuta joto na maji hana budi kuamua ateremkie upande gani. Uamuzi huo ulitufikia nyumbani kwetu mwaka mmoja wakati wa likizo ya Juni, na tunauandika hapa kwa sababu ulitufundisha jambo la imani.

Wapo waamini wanaoona likizo ni anasa ya wenye fedha. Lakini Injili ya Marko inatueleza kwamba mitume walipotoka kazini, wamechoka na hawana hata nafasi ya kula, Bwana mwenyewe aliwaita waende mahali pa faragha wapumzike kidogo. Basi kwa misimu miwili, kila tulipouza mahindi na maharage, tuliweka kando kiasi kidogo. Kilichopatikana kilitosha kukodi gari na kulala siku nne ugenini, watu sita, safari moja. Safari mbili hazikuwezekana.

Watoto wetu watatu walitaka Maporomoko ya Kalambo. Hatukuweza kuwalaumu. Pale mto Kalambo, ambao ni mpaka wetu na Zambia, unaanguka meta zaidi ya 200 kwa mruko mmoja, kisha unaelekea Ziwa Tanganyika, ziwa la pili kwa kina duniani. Korongo marabu hujenga viota kwenye kuta za genge lake. Mtoto wetu mkubwa, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuwa amelisoma jina la Kalambo katika somo la Historia, kwenye habari za zana za mawe. Alijua pia kwamba mwaka 2023 wataalamu walitangaza kuwa karibu na maporomoko hayo yamepatikana magogo mawili yaliyochongwa yakalazwa moja juu ya jingine, yenye umri wa miaka isiyopungua 476,000. Alitusomea habari hiyo mezani mara mbili.

Upande wa pili ni bonde la Rukwa. Ziwa lenyewe halina kina kirefu wala mto wa kulitoa maji. Hupanuka na kusinyaa kufuatana na mvua. Lina mamba na viboko, hivyo si mahali pa kuogelea. Lakini bondeni, upande wa Muze, ndiko alikozaliwa Mama, na mdogo wake bado anaishi huko. Kwa mmoja wetu huyu ni mama mzazi, kwa mwingine ni mama mkwe, ila nyumbani ni Mama tu. Umri wake umepita miaka 80, magoti yanamsumbua, na alikuwa hajaonana na mdogo wake kwa miaka sita.

Tuliomba jioni tatu mfululizo. Hatukupata ndoto wala ishara. Tukatambua kwamba tulikuwa tunamwomba Mungu atuchagulie kati ya mema mawili, wakati yote mawili ni kazi ya mikono yake.

Jioni ya tatu, baada ya sala, Mama alisema, "Wanangu, nendeni Kalambo na watoto. Mimi nitabaki nilinde nyumba na kuku. Mzee ana haja gani ya kutembea?"

Watoto walifurahi. Na sisi, tuseme kweli, mioyo yetu ilipata nafuu, kwani neno lake lilimaliza mjadala. Tungeweza kumshukuru tukaenda kulala. Lakini usiku ule tulizungumza habari ya Abrahamu na Lutu. Abrahamu ndiye aliyekuwa mkubwa, na haki ya kuchagua kwanza ilikuwa yake. Akamwachia kijana achague kulia au kushoto. Lutu akalitazama bonde la Yordani lenye maji tele, akalichukua. Maandiko hayatuambii kwamba alimrudishia mzee wake heshima ile, hata kwa neno moja.

Sadaka ya mnyonge ni nyepesi sana kupokelewa. Haina kelele, haidai kitu, na mara nyingi tunaiita hiari. Mama hakusema kwamba hataki kwenda. Alisema kwamba hana haja, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Tukakumbuka pia Yakobo alipokutana na Esau. Esau alitaka waongozane, lakini Yakobo alimwomba atangulie, kwa sababu watoto walikuwa wachanga na mifugo ilikuwa ikinyonyesha. Yeye angefuata polepole, kwa mwendo wao. Asubuhi tuliwaambia watoto kwamba tutashuka Rukwa.

Mtoto wetu mkubwa hakufurahi, na hatukumkemea kwa hilo. Gari lilivuka milima ya Mbizi katika baridi ya kuvaa sweta, kisha likateremka Lyamba lya Mfipa, kona baada ya kona, hadi tukayavua yote kwa joto la bondeni. Siku ya kwanza alilalamikia mbu. Siku ya pili alikuwa amekaa chini ya mwembe, akiwasikiliza wazee wawili wakitajiana kwa Kifipa majina ya watu waliokwisha kufa, wakicheka, wakinyamaza, wakianza tena. Aliuliza maswali mengi. Usiku tulikula wali wa huko kwa samaki wa ziwani, na kabla ya kulala yule mdogo wake Mama ndiye aliyeongoza sala. Alimshukuru Mungu kwa miguu ya dada yake.

Kalambo bado hatujaiona. Ahadi kwa mtoto ni deni, na deni hilo tumeanza kulilipa kidogokidogo kila mavuno.

Wapendwa, hatusemi kwamba kila familia lazima ishukie upande wa Rukwa. Mwaka mwingine aliye nyuma anaweza kuwa mtoto, au mgonjwa, au mgeni aliyekuja kukaa nanyi. Tunasema hivi tu: njia mbili zikiwa njema zote, msihesabu kwanza uzuri wa mahali. Tazameni ni nani atakayebaki nyumbani, na kama amesema atabaki, muulizeni tena.