Mchunga, Mboga Isiyopandwa

Msafiri atokaye Mtwara kwenda kusini huvuka mto Ruvuma, akapita Quionga hadi Palma. Akiendelea mbele huikuta Mocímboa da Praia. Huku ni jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Minazi, mikorosho na mashamba ya muhogo ni yale yale ya upande wa Tanzania, na Kimwani kisemwacho pwani hii ni ndugu wa Kiswahili.

Mmea mmoja wa mwitu nao haujui mpaka. Waswahili huuita mchunga; wataalamu huuita Launaea cornuta na kuuweka katika jamii moja na alizeti. Maua yake ni madogo, ya manjano. Jani likivunjwa hutoa utomvu mweupe, na mbegu zenye manyoya huchukuliwa na upepo. Mkulima huuona gugu sumbufu, kwani mizizi yake hutambaa chini ya ardhi. Ukatwapo leo, huchipua tena.

Ukaidi huo una faida yake. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha waliishambulia Mocímboa da Praia, na tarehe 24 Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Katika miaka hiyo mamia ya maelfu ya wakazi wa jimbo hilo waliyahama makazi yao. Agosti 2021 majeshi ya Msumbiji na Rwanda yaliikomboa Mocímboa da Praia, na baadaye wengi wakaanza kurejea.

Arejeaye hana budi kuanza upya. Muhogo apandao leo utamtaka angoje miezi mingi. Mchunga haungoji jembe wala mbegu ya kununuliwa. Hustawi hasa katika ardhi iliyolimwa kisha ikaachwa.

Kwa mapishi, huchumwa majani machanga. Huchemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa ili kupunguza uchungu, kisha hupikwa kwa kitunguu na tui la nazi. Wapo wauchanganyao na mchicha au kisamvu. Asiyeufahamu na amwulize mjuzi kwanza, maana si kila jani lenye utomvu mweupe ni chakula.

Uchungu wa mchunga hauishi wote chunguni. Hata hivyo, kwa jamaa iliyorudi kwenye shamba tupu, ni kitoweo cha kula na ugali hadi mavuno yatakapofika.