"Hope" na "wish" kwenye meseji za biharusi

Sisi mafundi wa nguo za harusi hapa Unguja hupokea meseji za Kiingereza kutoka kwa mabiharusi walioko Uingereza, na maneno mawili hayo yanataka kusomwa kwa makini.

Biharusi akiandika "I hope the sleeves are long", bado hajaiona nguo. Anatumai mikono ni mirefu. Tunampiga picha, tunamtumia, yamekwisha. Akiandika "I wish the sleeves were longer", keshaiona, mikono ni mifupi, na roho haijatulia hata akimalizia na maua matatu. Hapo tunafumua kabla hajaomba. Tazameni hiyo "were": kitenzi kimerudishwa nyuma, kama sisi tunavyosema "laiti ingekuwa mirefu". (Laiti yetu ni ya Kiarabu, nako pia ni ya jambo lisilokuwepo.)

Kwenye kadi andikeni "We hope you will come". Mkiandika "We wish you would come", mgeni ataona mmeshamkatia tamaa. Lakini "We wish you a happy marriage" ni sawa kabisa, hapo ni kutakiana heri. Kiingereza nacho kina vituko!