Gari Gereji, Mimi Daladala!

Jamani wasomaji, mwenzenu yamenikuta! Dereva wangu wa teksi aliparamia nguzo pale Ubungo. Nikatamba, "Nina bima kubwa bwana!" Fundi akaniahidi wiki mbili. Sasa mwezi wa nne. Mara spea haijafika, mara bima hawajaidhinisha. Hesabu sioni, na benki wanataka marejesho yao.

Nikaenda kudai fidia ya siku zote hizo. Dada wa kaunta akanifungulia mkataba wangu mwenyewe: "Kaka, sisi tunalipa matengenezo. Kipato ulichokosa hakimo, labda ungelipia nyongeza." Kumbe nilitia saini bila kusoma!

Kijana mwenzangu, kabla hujasaini uliza: gari likilala gereji, nani atanilisha? Mimi nimechelewa. Naning'inia mlangoni.